Kifua Kinaponyamaza

Kazi yangu ni kulaza watu usingizi. Nimekuwa muuguzi wa dawa za usingizi katika hospitali moja ya Dar es Salaam, ambayo sitaitaja, kwa zaidi ya miaka 15, na kwa kawaida mahali pangu ni chumba cha upasuaji, upande wa kichwa cha mgonjwa. Wagonjwa wa pumu hawanihusu mpaka pale wenzangu wa idara ya dharura wanapoishiwa na la kufanya, ndipo hunipigia simu nikaweke mrija wa kupumulia. Kwa sababu hiyo nimewaona wachache, na karibu wote walikuwa wameshaweka mguu mmoja kaburini. Hapa nitaeleza wawili. Wa kwanza alifariki mikononi mwangu mwaka 2013, na sehemu ya kifo chake ilitokana na mikono hiyohiyo.

Alikuwa mama lishe wa miaka thelathini na kitu, aliyepikia kuni na mkaa nyuma ya jengo lililokuwa likijengwa. Walikuwa wamempa dawa ya kupuliza kwa mashine ya mvuke mara tatu, haidrokotisoni kwa mshipa, kisha aminofilini, dawa ya zamani ya kufungua mirija ya hewa, na hali haikubadilika. Nilipofika alikuwa ameanza kulegea. Mrija niliuingiza kwa jaribio la kwanza, nikajisikia fundi, nikaanza kubinya mfuko wa hewa kwa nguvu na kwa haraka, maana nilimwona mtu aliyekosa hewa na nikadhani wajibu wangu ni kumpa hewa nyingi iwezekanavyo. Ndani ya dakika chache presha ikashuka, kisha haikupimika, kisha mapigo ya moyo yakapotea. Tulimkandamiza kifua kwa muda mrefu, nami sikuacha kubinya mfuko hata mara moja.

Wengi hudhani kwamba mwenye pumu anashindwa kuingiza hewa. Kuingiza anaingiza, ingawa kwa taabu. Kutoa ndiko kunakomshinda, kwa kuwa mirija ya hewa iliyobana, iliyovimba na kujaa makohozi mazito hujifunga wakati wa kutoa pumzi, na kila pumzi mpya huikuta ya zamani bado imo ndani. Ni kama daladala ya Mbagala saa 12 jioni, ambapo kila kituo watu wanapanda na hakuna anayeshuka. Mwishowe hewa iliyokwama hujaza kifua kwa mgandamizo mkubwa kiasi kwamba damu inayorudi moyoni haipati njia, na moyo hupiga ukiwa mtupu. Mimi nilikuwa nikipandisha abiria wapya labda mara 30 kwa dakika. Miezi kadhaa baadaye, daktari bingwa wa usingizi aliyekuja kutufundisha aliniomba nisimulie tukio lile, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: “Je, uliuchomoa mfuko kwenye mrija?” Sikuwa nimeuchomoa. Hakuna aliyekuwa amenifundisha kwamba katika pumu kali kuacha kumpumulisha mtu kwa nusu dakika kunaweza kuwa ndiyo tiba.

Mgonjwa wa pili alikuja Aprili 2019, usiku wa mvua ya masika, saa 8 kasoro. Alikuwa fundi seremala wa Keko, kijana wa miaka 29, aliyeletwa kwa bajaji na mama yake mzazi baada ya kuzunguka njia mbili zilizojaa maji. Nilipoitwa alikuwa ameshakaa idara ya dharura kwa zaidi ya saa moja. Oksijeni ilikuwa inapita, dawa ya mvuke ya salbutamoli, inayofungua mirija ya hewa, alikuwa amepewa mara 5, mara mbili za mwisho ikichanganywa na ipratropiamu, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, na haidrokotisoni ilikuwa imeshaingia mshipani. Kwa maneno mengine, kila kilichoandikwa kwenye karatasi ya ukutani kilikuwa kimefanyika.

Mwenzangu kijana aliyekuwa naye alinipokea kwa matumaini. “Dada, afadhali sasa,” alisema, “ile filimbi ya kifuani imeisha, na ametulia.” Niliweka stetoskopu mgongoni mwa mgonjwa, upande mmoja kisha wa pili, na sikusikia kitu. Filimbi ya pumu hulia kwa sababu kuna hewa inayopita kwenye njia nyembamba. Hewa ikikoma kupita, filimbi nayo hukoma. Kifua kilichonyamaza katika mtu ambaye misuli ya shingo bado inavutika na jasho linamtiririka ni dalili mbaya kuliko kelele yoyote. Utulivu wake nao haukuwa utulivu. Alikuwa amechoka, na kabonidayoksaidi iliyokuwa ikijikusanya mwilini ilikuwa inamlevya. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilisoma 88, ilhali chini ya 92 tayari ni eneo la hatari kwa mtu mwenye shambulio kali. Nilipomuuliza jina alitamka silabi moja, akafumba macho.

Daktari wa zamu usiku ule alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri, aliyesomea tiba ya dharura Muhimbili. Kwa wasiojua, idara ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na katika miaka hiyohiyo ndipo Chuo Kikuu cha Muhimbili kilipoanza kusomesha mabingwa wa fani hiyo; kabla ya hapo sisi wazee tulijifunza dharura kwa kuangaliana. Alipofika kitandani alifanya jambo ambalo sikuwa nimeliona likifanywa mwaka 2013: alikataza mashine ya mvuke isirudiwe peke yake kama kwamba mara ya 6 ingeleta ambacho mara 5 hazikuleta. Alisema dawa ya kuvuta haiwezi kumfikia mtu asiyevuta, kwa hiyo mvuke uendelee bila kukatika, lakini tutafute njia nyingine za kuingilia.

Njia ya kwanza ilikuwa magnesiamu salfeti, gramu 2, kwa dripu ya dakika 20, ambayo hulegeza misuli inayozunguka mirija ya hewa. Kabati la dharura halikuwa nayo. Hapa kuna jambo ambalo hunikera mpaka leo: dawa hiyo haikosekani katika hospitali yetu, imejaa leba, kwa sababu ndiyo dawa ya kifafa cha mimba, na kila mkunga anaijua kama anavyojua jina lake. Muuguzi alitumwa mbio. Mkunga wa zamu akamuuliza, “Kwani huko dharura mna mjamzito?” akataka kwanza fomu ya kuazimana dawa. Simlaumu, kwani naye anaulizwa chupa moja moja. Lakini dakika zile 10 nilizihesabu.

Wakati tunasubiri, daktari alimgeukia mama wa mgonjwa, ambaye alikuwa amesimama mlangoni ameshika khanga mdomoni. “Shikamoo mama. Leo amekula nini, amekunywa dawa gani?” Mama akajibu kwamba hajanywa chochote, mwanangu, isipokuwa zile dawa zake za kifua, na vidonge vya mgongo. Vidonge gani vya mgongo? Akafungua pochi akatoa karatasi yenye vidonge vya diklofenaki vilivyonunuliwa duka la dawa la mtaani. Alikuwa amemeza viwili saa 3 usiku. Kabla ya saa 5 alikuwa hawezi kulala chali.

Wapo wenye pumu ambao dawa za maumivu za jamii ya aspirini, yaani pamoja na diklofenaki na ibuprofeni, huwaamshia shambulio la pumu ndani ya nusu saa hadi saa 3. Daktari hakungoja uthibitisho. Alimchoma adrenalini nusu miligramu kwenye msuli wa paja, dawa ambayo hufika bila kuhitaji pumzi ya mgonjwa. Alipoulizwa kuhusu aminofilini ya mshipa alikataa. Dawa za kifua alizozitaja mama zilikuwa vidonge vya aminofilini hiyohiyo, alivyovimeza jioni bila mpangilio, na kipimo chake cha kutibu kiko jirani mno na kipimo cha kuuvuruga moyo au kuleta degedege. Naandika majina na vipimo kwa ajili ya wenzangu wa kazi. Asiye mhudumu wa afya asivijaribu nyumbani.

Magnesiamu iliingia. Kwa muda kama wa robo saa tulidhani tumeshinda, kwa maana nilisikia filimbi nyembamba ikirudi upande wa kulia, na mimi ambaye zamani ningeisikitikia, niliifurahia. Haikudumu. Kichwa chake kilianza kuangukia kifuani, oksijeni ikashuka hadi 84, na daktari akanitazama bila kusema.

Kumwekea mrija mwenye pumu ni uamuzi ambao kila anayeujua huuogopa, kwa sababu mrija hautibu pumu. Unakuhamishia tu wewe kazi ya kupumua ambayo mgonjwa mwenyewe, kwa silika, alikuwa akiifanya vizuri kuliko utakavyoifanya. Safari hii nilijiandaa. Tulimwongezea maji ya mshipani karibu lita moja ili moyo uwe na akiba. Nilichagua mrija namba 8, mpana, kwa kuwa mrija mwembamba ni njia nyingine nyembamba juu ya zile zilizobana. Dawa ya usingizi niliyoichagua ilikuwa ketamini, miligramu 90 kwa uzito wake wa kilo 60, ambayo haishushi presha kirahisi na ina tabia ya kulegeza mirija ya hewa. Ni dawa ya bei nafuu, ipo katika hospitali zetu nyingi, na nimeona watu wakiidharau kwa sababu hiyo hiyo.

Mrija uliingia. Nikashika mfuko, nikaanza kuhesabu kimoyomoyo: moja, nabinya, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, naacha hewa itoke. Pumzi 8 kwa dakika, ndogondogo. Sijui namna ya kumweleza asiyewahi kuifanya kazi hii jinsi sekunde 6 za kutofanya kitu zinavyokuwa ndefu unapoangalia namba za oksijeni zikiwa mbaya na watu 5 wamekuzunguka. Mwenzangu mmoja alinong’ona, “Dada, mbona humpulizii?” Mkono wangu mwenyewe ulitaka kubinya.

Kisha presha ikashuka ghafla hadi 70 na ushee, mapigo yakawa membamba kama uzi, na kifua nilikiona kimesimama juu, kimejaa, hakishuki. Nilikuwa nimekiona kifua cha namna ile mara moja tu maishani. Nikauchomoa mfuko kwenye mrija, nikamwambia mwenzangu aweke viganja viwili pande zote za mbavu na kukamua taratibu, na sauti iliyotoka ilikuwa ndefu, kama ya tairi la lori linalotolewa upepo. Iliendelea kwa muda ambao chumba kizima kilinyamaza kuisikiliza. Presha ikapanda hadi 90, kisha 105. Daktari akasikiliza pande zote mbili za kifua kuhakikisha kwamba pafu halijapasuka na kuvujisha hewa, kwani hilo ndilo jambo la pili la kufikiria kila presha inaposhuka namna hiyo. Halikuwa limepasuka. Nikaunganisha mfuko, nikaanza tena kuhesabu kutoka moja.

Kitanda katika wodi ya wagonjwa mahututi kilipatikana saa 12 asubuhi. Mpaka saa hiyo tulipokezana mfuko kwa mkono, nikimfundisha kila aliyeupokea ile hesabu, huku ketamini ikiingia kidogokidogo. Kabonidayoksaidi katika damu yake ilibaki juu na tuliiacha ibaki juu kwa makusudi. Kujaribu kuisafisha haraka ndiko kungetulazimisha kumpumulisha haraka. Tulikuwa na akiba moja tu iliyobaki, nayo ni kumpeleka chumba cha upasuaji na kumpa gesi ya usingizi, kwani gesi hizo nazo hufungua mirija ya hewa. Kwetu gesi iliyokuwepo usiku ule ilikuwa halotheni, na halotheni juu ya adrenalini na aminofilini inaweza kuufanya moyo upige ovyo, hivyo tulishukuru kutoifikia. Katika hospitali kubwa za nchi tajiri hatua inayofuata ni mashine ya kutoa damu mwilini, kuitia oksijeni na kuirudisha. Hatukuipanga katika hesabu zetu.

Kitu ambacho nilikielewa usiku ule, na ambacho hakikuwa kimenikaa sawasawa licha ya mafunzo, ni kwamba katika yote tuliyoyafanya hakuna lililomponya. Dawa inayotuliza uvimbe wenyewe wa mirija ilikuwa ile haidrokotisoni aliyopewa mwanzo kabisa, na steroidi, yaani dawa za jamii yake, huhitaji saa kadhaa ndipo zifanye kazi. Magnesiamu, adrenalini, ketamini, mrija na hesabu yangu ya hadi saba, vyote vilikuwa vya kumshikilia hai mpaka saa hizo zipite. Tulikuwa tumesema kwamba dawa za kawaida zimeshindwa. Kubwa kuliko zote ilikuwa bado haijapata muda. Siku ya pili, mchana, mrija ulitolewa, akaomba uji.

Wengi wangeishia hapo, nami ningeishia hapo kama mama yake asingekuwa amechukua namba yangu ya simu. Alinipigia wiki tatu baadaye kuniuliza kama aende kliniki kweli au inatosha kumpaka kijana mafuta ya mbuni. Nikawasindikiza kwa daktari bingwa wa kifua, kwa udadisi zaidi kuliko kwa huruma, nikiamini nitasikia habari za sindano mpya za pumu sugu ambazo nilikuwa nimezisoma. Sindano hizo zipo. Ya kwanza, omalizumabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2003, na nyingine kadhaa zimefuata. Bei yake huhesabiwa kwa maelfu ya dola kwa mwaka. Daktari hakuzitaja hata kidogo katika nusu saa ya kwanza. Alimpa kijana pampu yake ya salbutamoli akamwambia, “Hebu vuta kama unavyovuta nyumbani.”

Alibonyeza mara mbili mfululizo bila kutikisa, mdomo wazi, akiwa ameshapumua ndani tayari. Wingu jeupe likatoka puani na mdomoni. Miaka 6 ya matibabu ilikuwa imeishia kwenye ulimi. Daktari alimwambia kwamba katika utafiti mmoja wa Uholanzi, kati ya kila watu wazima 100 wenye pumu, takriban 17 walionekana kuwa na pumu ngumu kutibika, lakini walipochujwa wale wasiovuta dawa sawasawa au wasioitumia, waliobaki na pumu kali kwa maana halisi hawakufika 4. Kisha akauliza pampu moja inadumu muda gani. Kijana akajibu kwa fahari ya mtu anayejitunza kwamba hununua mpya kila wiki tatu. Hizo ni zaidi ya 12 kwa mwaka, kiwango ambacho kinajulikana kuambatana na hatari ya kufa, na dawa ile hufungua tu mirija kwa saa chache bila kugusa uvimbe. Dawa ya kuzuia, beklometasoni, aliwahi kuandikiwa, akaitumia wiki moja, akaiacha kwa kuwa hakuona tofauti upesi na kwa kuwa mtaani walimwambia ukianza pampu hiyo huachi mpaka kufa. Mwaka huohuo wa 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, ule wa GINA, ulikuwa umetamka kwamba mtu mzima asitibiwe tena kwa salbutamoli peke yake.

Lililonishangaza zaidi lilikuja kwa swali dogo: anasikia harufu? Akacheka. Alisema wenzake humtania karakana kwa sababu yeye ndiye hupewa kazi ya vanishi, hasikii harufu yake, na chakula cha mama hakitambui ladha tangu miaka minne iliyopita. Daktari akamulika puani akakuta nyama za puani pande zote mbili. Pumu, nyama za puani, na shambulio baada ya dawa ya maumivu ni vitu vitatu vinavyoandamana, na mwenye navyo hapaswi kumeza diklofenaki wala aspirini maisha yake yote. Mimi nilikuwa nimemtia mrija puani wa kumlishia siku ile, ukagoma, nikalaumu mrija.

Kwa kuwa hakuweza kununua kopo maalumu la kuvutia dawa, alitengenezewa la chupa ya maji ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni kwa ukubwa wa mdomo wa pampu. Watafiti wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 1999 kwamba kwa watoto chupa ya namna hiyo ikiandaliwa vizuri hufanya kazi karibu sawa na kopo la dukani. Beklometasoni kila asubuhi na jioni, kusukutua kinywa baadaye, na kadi shingoni iliyoandikwa dawa asizopaswa kupewa. Vumbi la mbao lilibaki kuwa mgogoro. Vumbi la mvule linajulikana kuamsha pumu kwa baadhi ya mafundi, na daktari alimtaka aache kupiga msasa kabisa, lakini msasa ndio uliokuwa ukilipa kodi ya chumba.

Siku ile ya kwanza kliniki alipuliza kwenye kipimo cha nguvu ya pumzi akapata 180. Miezi mitano baadaye alipata 430. Sasa hupima na kuchora tu, kazi ya msasa amempa mdogo wake, na analalamika kwamba kipato kimepungua. Idara yetu ya dharura ina boksi la magnesiamu, baada ya barua tatu. Mara ya mwisho aliponipigia simu alisema harufu imeanza kumrudia kidogo, akaniuliza kama hiyo ina maana kwamba anaweza kurudi kwenye msasa. Nilimjibu hapana. Akasema ataniuliza tena baada ya Idi.